Kupanga fleti ya likizo Paris: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Msimu wa likizo ukikaribia, maswali ni yaleyale. Nichukue wilaya gani? Mbona fleti ya vyumba viwili ina kitanda kimoja? Nilipe kabla ya viza au nisubiri? Huyu mwenye nyumba anayetaka nimtumie hela benki moja kwa moja, ni mtu kweli? Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio, kuanzia siku unayofungua kalenda hadi asubuhi ya kurudisha funguo.

Jambo moja nitalirudia hadi ulichoke: soma tangazo, usiishie kwenye picha. Picha hupigwa na mtu aliyejibana kwenye kona ya chumba, kwa lenzi pana, saa ambayo jua linaingia. Ukweli umo kwenye maneno machache yaliyo chini yake, na kwa Paris mengi ya maneno hayo huwezi kuyakisia maana.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na yenye kurasa 2 tupu.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Ijulishe benki yako mapema kwamba unasafiri, la sivyo wataifunga kadi ukiwa dukani na kikapu mkononi.
- Simu itakayokuwa na intaneti tangu unapotua. Misimbo ya malango, ramani na mawasiliano na mwenye nyumba vyote vimo humo.
- Adapta ya plagi. Soketi za Ufaransa ni za pini mbili za mviringo. Plagi ya pini tatu bapa haiingii. Umeme wenyewe ni volti 230, kwa hiyo chaja yako haitaungua.
- Idadi kamili ya watu, na nani atalala na nani. Watu huona haya kuuliza swali hili, lakini ndilo linaloamua ukubwa wa nyumba. Limalize nyumbani.
- Bajeti ya safari nzima. Usifikirie kwa bei ya usiku mmoja. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 1: Anza na viza, nyumba ifuate

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen kuingia Ufaransa. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiende na hizo 15. Nafasi za miadi huisha, hasa kuelekea Juni na Julai, na anayeomba miezi miwili au mitatu mapema hulala usingizi. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Utatakiwa pia bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000.

Ubalozi utataka uthibitisho wa mahali pa kulala kwa siku zote za safari. Hapo ndipo wengi wanajikaanga: wanalipia fleti isiyorudisha pesa kwa sababu ni nafuu kidogo, halafu viza inakataliwa au inachelewa. Chukua nyumba inayoruhusu kughairi bure hadi siku chache kabla ya kufika. Hata ikiwa ghali zaidi kwa asilimia kumi, ichukue. Hakikisha uthibitisho una jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na, ikiwezekana, majina ya wote mnaosafiri pamoja.

Ukienda kukaa kwa ndugu au rafiki, njia ni nyingine kabisa: mwenyeji wako anapaswa kuomba hati iitwayo attestation d'accueil kwenye ofisi ya meya ya eneo lake. Usichanganye hati hiyo na uthibitisho wa kupanga.

Hatua ya 2: Chagua mstari wa metro, kisha mtaa

Paris ina wilaya 20 zinazoitwa arrondissement. Zimejipanga kama gamba la konokono: ya 1 iko katikati, penye jumba la Louvre, na nyingine zinazunguka kwenda nje hadi ya 20 upande wa mashariki. Namba ya wilaya imo ndani ya msimbo wa posta. 75004 ni wilaya ya 4, 75011 ni ya 11, 75018 ni ya 18.

Msimbo ukianza na 92, 93 au 94, hiyo si Paris. Ni miji jirani iliyo nje ya barabara kuu ya mzunguko, Boulevard Périphérique, hata kama tangazo limeandika «Paris» kwa herufi kubwa. Kukaa huko si dhambi. Montreuil, kwa mfano, imeunganishwa na metro, treni ya chini ya ardhi ya jiji, na unaweza kupata nafasi kubwa kwa bei ya chini. Ila ujue unachokinunua. Na 77 ni mbali kabisa. Huko ndiko iliko Disneyland, mwendo wa RER A, mojawapo ya treni zinazounganisha Paris na vitongoji vyake.

Watu huniuliza wilaya «nzuri» kana kwamba kuna jibu moja. Jiji lenyewe si pana, kilomita za mraba 105 tu, na metro inafika karibu kila pembe. Kwa hiyo mimi hutazama vitu viwili: kituo kilicho karibu kinahudumiwa na mstari gani, na nitabadilisha treni mara ngapi kufika ninakotaka. Mstari wa 1 unapita Louvre na Champs-Élysées. Mstari wa 14 unakwenda hadi uwanja wa ndege wa Orly tangu Juni 2024 na vituo vyake vyote vina lifti, jambo ambalo ni nadra kwenye metro ya Paris. Ukisafiri na mzee, mtoto wa kigari au masanduku mazito, mstari huo una thamani kuliko kuona ncha ya mnara wa Eiffel dirishani.

Kwa harakaharaka: wilaya ya 3 na ya 4, mtaa wa Marais, ni pazuri kutembea kwa miguu na bei yake unaihisi. Ya 5 ina vyuo na mikahawa. Ya 10 na ya 11 zina uhai wa usiku, maana yake pia zina kelele za usiku. Ya 18 ina kilima cha Montmartre, na chini yake eneo la Château Rouge ambako utapata mihogo, bamia na ndizi za kupika. Ya 12, ya 13 na ya 15 ni za wakazi wa kawaida, tulivu, na ndizo ninazowashauri wenye familia.

Hatua ya 3: Soma tangazo neno kwa neno

Hapa tukae.

Anza na hesabu ya vyumba. Wafaransa huhesabu pièce, yaani vyumba vya kuishi, wakijumlisha sebule na vyumba vya kulala na kuacha jiko, bafu na choo. Kwa hiyo «2 pièces», ambayo pia huandikwa T2 au F2, ni sebule moja na chumba kimoja cha kulala. Ukitaka vyumba viwili vya kulala, tafuta «3 pièces». Neno la chumba cha kulala chenyewe ni chambre. Nimeona familia ya watu watano imefika kwenye T2 ikidhani baba na mama wana chumba na watoto wana chao. Watoto walilala sebuleni juu ya sofa linalokunjuliwa, na kila aliyetaka maji usiku aliwaruka miguu.

Kisha «couchages». Hiyo ni idadi ya nafasi za kulala, na canapé-lit au clic-clac, sofa la kukunjua, huhesabiwa humo kama nafasi mbili. Tangazo la «couchages 4» kwenye studio linamaanisha watu wanne ndani ya chumba kimoja.

Mita za mraba zisikuchanganye. Chukua kamba uende uwanjani, pima mita 3 kwa mita 6. Hiyo ni 18, ukubwa wa kawaida wa studio ya Paris. Toa kipande cha bafu na choo, toa ukuta wa jiko, weka kitanda. Simama katikati pamoja na sanduku lako lililofunguliwa. Ukiweza kugeuka bila kulikanyaga, itakufaa.

Sasa ghorofa. Rez-de-chaussée, au RDC, ni ya chini usawa wa barabara. 1er étage ni ukishapanda mara moja. Kwa hiyo «6e étage sans ascenseur» ni kupanda ghorofa sita kwa miguu, kwa sababu sans ascenseur ni «bila lifti». Majengo mengi ya zamani ya Paris yalijengwa kabla lifti hazijawa jambo la kawaida, na ghorofa ya juu kabisa ilikuwa ya vyumba vya watumishi wa nyumbani, chambre de bonne. Leo vyumba hivyo hupangishwa kwa wageni na picha zake huwa za kuvutia sana, kwa sababu mwanga unaingia na mapaa ya jiji yanaonekana. Mara ya kwanza nilipolala kwenye kimojawapo nilihesabu ngazi 112, za mbao, zinazojipinda, zilizolika katikati kama kijiko. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tatu nilikuwa nanunua maji chupa moja moja.

Maneno mengine ya kuyawinda:

- «WC sur le palier»: choo kiko nje kwenye korido, na unachangia na majirani. Soma tena.
- «Sur cour»: madirisha yanatazama ua wa ndani. Kimya, ila huenda giza. «Sur rue» ni upande wa barabara: mwanga na kelele.
- «Souplex»: sehemu ya nyumba iko chini ya ardhi, na mara nyingi sehemu hiyo ndiyo chumba cha kulala.
- «Mezzanine»: kitanda kimepandishwa juu karibu na dari, unapanda kwa ngazi ndogo. Usimpangie mama yako.
- «Climatisation»: kiyoyozi. Kisipotajwa, hakipo. Nyumba nyingi hazina, na tarehe 25 Julai 2019 Paris ilifika nyuzi 42.6. Chumba cha juu chini ya paa la zinki, mwezi kama huo, ni tanuri.
- «Draps et serviettes»: shuka na taulo. Angalia kama zimo kwenye bei au unaletewa bili.
- «Caution»: neno hili si onyo. Ni amana.

Hatua ya 4: Kagua namba ya usajili

Paris ni kali kwa nyumba za watalii. Anayepangisha makazi yake mwenyewe kwa siku chache chache anaruhusiwa siku 90 tu kwa mwaka tangu Januari 2025. Kabla ya hapo zilikuwa 120. Nyumba lazima isajiliwe, na namba ya usajili ionekane kwenye tangazo. Namba ya Paris iliyozoeleka ina tarakimu 13, na tano za mwanzo zinataja wilaya: 75111 ni wilaya ya 11, 75118 ni ya 18.

Linganisha. Tangazo linalosema nyumba iko Marais, wilaya ya 4, huku namba ikianza na 75119, lina jambo la kueleza. Lisilo na namba kabisa, liache, isipokuwa ni hoteli au nyumba za kukodi zinazoendeshwa kama hoteli, ambazo kanuni zake ni tofauti.

Kuna na mtego wa «bail mobilité». Huo ni mkataba wa mwezi 1 hadi 10 kwa wanafunzi, wanaofanya mafunzo na wanaohamishwa kikazi. Tangazo likisema nyumba inapatikana kwa mkataba huo tu, haikuhusu wewe wa likizo, hata kama unakaa wiki tano.

Sababu ya kujali haya si kuwasaidia maofisa wa jiji kazi yao. Nyumba isiyo halali inaweza kufutwa kwenye jukwaa, yaani tovuti ya kupangisha kama Airbnb, wiki moja kabla hujafika, na wewe ndiye utakayebaki na viza, tiketi na sanduku.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya jumla

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya tangazo ni ya kukuita tu. Ingiza tarehe zako na idadi ya watu, uende hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, ndipo uandike namba. Humo utakuta ada ya usafi, «frais de ménage», ambayo ni ileile ukikaa siku 2 au siku 9. Ada ya jukwaa. Na ushuru wa wageni, «taxe de séjour», unaotozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Walio chini ya miaka 18 hawatozwi.

Kwa ajili ya ada ya usafi, fleti ya siku mbili mara nyingi inashindwa na hoteli. Kuanzia siku nne tano hivi, na hasa mkiwa watatu au zaidi na mnapika wenyewe, fleti inashinda. Hiyo ni hesabu yangu. Fanya na wewe ya kwako kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Muulize mwenye nyumba kabla hujalipa

Andika kwa ufupi, kwa Kifaransa au Kiingereza, ukitumia programu ya kutafsiri kama huna lugha. Uliza: ghorofa ya ngapi na kuna lifti? Lifti inaingiza sanduku kubwa? Nyingine za Paris zinabeba watu wawili waliokumbatiana. Kitanda cha pili ni kitanda au sofa? Funguo napewa na nani, wapi, saa ngapi? Nikichelewa ndege je?

Mwenye nyumba wa kweli hujibu swali kwa swali. Anayerudisha jibu la «karibu sana, nyumba ni nzuri, lipa uihifadhi» hajajibu kitu.

Tahadhari ya saa. Sisi tukisema saa kumi tunamaanisha alasiri. Wafaransa huandika 16h. Saa kumi ya kwao, 10h, ni saa nne ya asubuhi kwetu, na mara nyingi ndiyo saa ya kutoka. Kwenye ujumbe tumia namba zao, 0 hadi 24. Nimeshuhudia mtu akisubiriwa asubuhi naye bado yuko angani.

Hatua ya 7: Lipa ndani ya jukwaa

Airbnb, Booking.com, Abritel, lolote utakalotumia: mazungumzo na malipo yabaki humo humo. Tapeli ana wimbo mmoja tu. Nyumba nzuri, bei nusu ya jirani zake, halafu anakuambia jukwaa linakata ada kubwa, tuhamie kwenye barua pepe, nitumie kwa benki nikupunguzie. Ukishatuma, umemaliza. Wakati mwingine anakutumia kiungo cha ukurasa unaofanana kabisa na wa jukwaa; soma anwani iliyo juu ya kivinjari herufi kwa herufi.

Picha pia zina msaada hapa, kwa namna nyingine. Ziweke kwenye utafutaji wa picha. Ikitokea sebule hiyohiyo inapangishwa Lisbon na Roma, umejua.

Hatua ya 8: Panga saa za kwanza

Omba anwani kamili mapema, na kamili ya Paris si namba ya jengo tu. Fleti nyingi hazina namba mlangoni. Unahitaji msimbo wa lango la barabarani, pengine msimbo wa lango la pili, jengo gani ndani ya ua, ngazi ipi, ghorofa ya ngapi, na mlango wa kushoto au wa kulia. Ikiandikwa «Bât. B, esc. 2, 4e gauche», ni jengo B, ngazi ya 2, ghorofa ya 4, mlango wa kushoto. Ipige picha, usitegemee mtandao ndani ya ua wenye kuta nene.

Ukiambiwa funguo zimo kwenye kisanduku kilichofungwa kwenye nguzo au uzio wa barabarani, omba njia nyingine. Tangu 2025 jiji linaviondoa visanduku vilivyofungwa kwenye mali ya umma, na chako kinaweza kuondoka na funguo zako ndani.

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle, treni ya RER B inafika stesheni ya Gare du Nord kwa kama nusu saa. Tiketi ya uwanja wa ndege ilikuwa euro 13 mwaka 2025, na ya metro ya kawaida euro 2.50, bei hupanda kidogo kila Januari. Tiketi ya kawaida haifiki uwanjani, na faini yake haina huruma kwa mgeni. Taksi rasmi zina bei moja ya kudumu, foleni iwepo isiwepo: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 hadi ukingo wa kulia (kaskazini) wa mto Seine na euro 65 ukingo wa kushoto (kusini). Mkiwa wanne na masanduku, taksi inakaribiana na treni. Panga foleni kwenye kituo chao. Anayekufuata ndani ya ukumbi akinong'ona «taxi, taxi» si wao.

Pasi ya wiki ya Navigo, kadi ya usafiri wa umma, hukimbia Jumatatu hadi Jumapili, si siku saba tangu ununue. Ukifika Jumatatu au Jumanne ni nafuu kubwa, na inafika viwanja vya ndege. Ukifika Ijumaa, achana nayo.

Ukifika asubuhi na fleti inafunguliwa 16h, masanduku yaache kwenye consigne, hifadhi ya mizigo, ya stesheni kubwa kama Gare du Nord au Gare de Lyon.

Hatua ya 9: Kabla hujakaa kitako

Piga video ya chumba kizima, kona hadi kona, pamoja na mikwaruzo, madoa na vyombo vilivyopasuka. Fungua maji ya moto. Washa jiko. Tafuta swichi kuu ya umeme iko wapi. Angalia kama kitambua moshi kipo darini. Ni lazima kisheria kwenye makazi ya Ufaransa tangu 2015. Kasoro yoyote mwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo kupitia jukwaa, kwa adabu na kwa picha.

Maji ya bomba ni salama kunywa. Mapipa kwenye ua: kifuniko cha kijani ni takataka za kawaida, cha njano ni karatasi, plastiki na makopo, cheupe ni chupa za kioo. Kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, kelele ni kosa la faini, na sakafu za mbao hupitisha kisigino kama ngoma. Vua viatu mlangoni. Jumapili mchana maduka mengi hufungwa, na Agosti mwoka mikate wa mtaa wako naye huenda yuko likizo. Nunua maziwa Jumamosi.

Mambo yakienda kombo

Mlango umejifunga, funguo ziko ndani. Hili linawapata wengi kuliko wizi. Milango mingi ya fleti za Paris haina kitasa cha kuzungusha kwa nje, ina kifundo tu, ukiubamiza, umefungwa. Mimi lilinipata nikienda kutupa takataka, kandambili miguuni, simu ndani. Taa ya ngazi ikajizima, maana nayo huhesabu dakika. Jirani aliniazima simu, nikapiga namba ya kibandiko kilichobandikwa langoni. Fundi alikuja na kipande cha plastiki kama picha ya eksirei, akakipenyeza kwenye mwanya, akafungua kwa dakika tatu, akaandika bili ya mamia ya euro. Usipige namba za vibandiko hivyo. Mpigie mwenye nyumba kwanza. Mara nyingi ana funguo za ziada kwa jirani. Ikibidi fundi, dai devis, makadirio ya bei kwa maandishi, kabla hajagusa mlango. Na usiache ufunguo ndani ya kitasa: ufunguo wa pili kwa nje hautaingia.

Umeme umekatika kwako tu. Umewasha oveni, birika na mashine ya kufulia pamoja, na studio ndogo hupewa umeme mdogo. Zima kimoja, pandisha swichi kuu.

Maji ya moto yameisha baada ya watu wawili kuoga. Kuna tangi, ballon, ambalo mara nyingi huchemsha usiku. Ogeni kwa zamu, wengine jioni, wengine asubuhi.

Jiko la vioo haliwaki. Pengine ni la induction na linataka sufuria inayonata sumaku, au limefungwa kwa kitufe chenye alama ya kufuli. Bonyeza kwa sekunde chache.

Nyumba si ile ya kwenye tangazo. Usifungue mizigo. Piga picha, waandikie jukwaa saa hiyohiyo, kisha mwenye nyumba. Ukilala humo siku tatu halafu ulalamike, hoja yako imepungua nguvu.

Mwenye nyumba ameghairi na viza umeshapewa. Chukua nafasi nyingine kwa tarehe zilezile na uchapishe uthibitisho mpya, kwa sababu mlinzi wa mpaka anaweza kukuuliza unakolala na ile karatasi ya zamani haina kazi tena.

Mtu anaumwa. Namba 15 ni ya gari la wagonjwa na madaktari wa dharura, 18 ni zimamoto, 17 polisi, na 112 inafanya kazi kote Ulaya. Kwa maumivu madogo, duka la dawa lenye msalaba wa kijani ni msaada wa haraka kuliko hospitali. Mfamasia huko anasikiliza.

Siku ya kuondoka, toa takataka, osha vyombo, piga video ya pili kama ile ya kwanza, halafu simama mlangoni na uguse mifuko kabla hujauvuta. Ukishajifunga, pasipoti iliyobaki juu ya friji ni kazi ya yule fundi wa plastiki.